“Wasomaji Tayari Ni Wetu” na Dhana Nyingine Zinazoua Kampeni za Tamthilia

Nimeisikia tena, na safari hii kutoka kwa mtayarishaji wa tamthilia inayotokana na kitabu, niliyedhani anaelewa: “Wasomaji wa kitabu tayari ni wetu. Pesa ya matangazo iende kwa wasiokijua.”

Si wenu. Msomaji aliyeishi na kitabu cha njozi miaka kumi amekwisha kutengeneza tamthilia yake kichwani. Anajua sauti ya kila mhusika, anajua ngome ile ina minara mingapi. Ya kwenu inakuja kushindana na ya kwake, na picha ya kwanza mnayoitoa anaikagua kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Akiikataa, hakai kimya. Asiyekijua kitabu naye, akiona trela yenye joka, anamgeukia nani? Anamgeukia huyohuyo: “Wewe uliyekisoma, vipi, inafaa?” Jibu la hapo hamna bango la kulifuta.

Kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani walianza na watu hawa walipoiandaa Game of Thrones, tamthilia inayotokana na vitabu vya George R. R. Martin. Kabla ya onyesho la kwanza la tarehe 17 Aprili 2011, walituma visanduku vyenye vichupa vya harufu za Westeros, bara la kubuni la hadithi hiyo, wakaweka mtandaoni mafumbo ya The Maester’s Path, na wakazungusha magari ya chakula New York na Los Angeles, yenye vyakula alivyobuni mpishi Tom Colicchio kutokana na ulimwengu wa vitabu. Harufu ya Westeros haimwambii kitu asiyewahi kufika huko kwa kusoma. Aliyefika anaelewa mara moja kwamba walioshika kazi hii wamekisoma kitabu, na hilo ndilo analotaka kulijua kabla ya jambo lingine lolote.

Halafu angalieni bango lao: Sean Bean, anayeigiza Ned Stark, kwenye kiti cha enzi, kana kwamba hadithi nzima inamwegemea yeye. Ned Stark anakatwa kichwa sehemu ya 9 kati ya 10. Kitabu kilitoka 1996, kwa hiyo siri hiyo ilikuwa wazi kwa miaka 15 kwa yeyote aliyetaka kuitafuta. Hata hivyo watazamaji wengi walipigwa na butwaa, kwa sababu wasomaji wengi walinyamaza makusudi, wakisubiri kuona nyuso za wenzao. Walinzi wa namna hiyo hawanunuliki. Mnawapata kwa kuwaheshimu mapema.

Ndiyo maana “tufiche kila kitu” nayo hainiingii akilini. Mnamficha nani, wakati kitabu kiko madukani? Ficheni mlichobadilisha, basi. Mengine yaonyesheni: lugha, ramani, silaha, mshono wa vazi. Januari 2022 Amazon walitangaza jina la The Rings of Power, tamthilia yao ya ulimwengu wa The Lord of the Rings, kwa video ya metali iliyoyeyushwa kwelikweli, ikimiminwa kwenye herufi zilizochongwa katika ubao. Hakuna mhusika hata mmoja aliyeonekana, na watu waliijadili. Kila mteja wangu namwambia hivyohivyo: kitu cha kushikika kwanza, trela baadaye.

“Hasira za mtandaoni ni matangazo ya bure.” Hapana. Hasira inaongeza maoni chini ya trela, na aliyekasirika hamwaliki mwenzake sebuleni kutazama.

“Trela ikiwa nzuri, inatosha.” Trela inamfanya mtu aikumbuke tarehe. Basi.

Na ile ya kwamba kampeni inaisha usiku wa onyesho la kwanza! Mimi huomba theluthi moja ya bajeti ibaki hadi sehemu ya nne, na kila mara nagombana na wahasibu. Game of Thrones ilianza na watazamaji takribani milioni 2.2 Marekani usiku wa kwanza, ikafunga msimu huo na takribani milioni 3. Hao laki nane waliingia wakati trela imekwisha kuzeeka na watu wanasimuliana.