Maziwa siyo yanayolainisha mayai ya kuvuruga
Wengi tumelelewa tukiambiwa kuwa mayai ya kuvuruga bila maziwa hutoka makavu. Si kweli. Kinachokausha mayai ni moto. Karibu robo tatu ya yai ni maji, na ute wake huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi. Moto ukizidi, protini hukazana na kukamua maji nje. Ndiyo yale majimaji unayoyaona sahanini yamezunguka mabonge magumu. Maziwa nayo sehemu kubwa ni maji. Yanachelewesha kidogo mayai kuganda, lakini yanafifisha ladha, na moto mkali utayakausha vilevile.

Piga mayai matatu na chumvi. Yeyusha kijiko cha siagi kwenye moto mdogo, mimina, koroga taratibu kwa mwiko ukikwangua chini. Epua yakiwa bado yanang'aa, kwa sababu joto la kikaango litayamalizia. Hapa ndipo tunapoharibu: tunasubiri yaive kabisa jikoni.

Ukipenda nyanya na kitunguu, vikaange kwanza mpaka maji ya nyanya yakauke, ndipo umimine mayai. Dania na pilipili mbichi nyunyizia ukishaepua, zibaki na harufu yake.