Kamera ya kukunja si pambo la kabatini

Wengi wakiiona kamera ya zamani ya kukunja husema ni pambo tu, eti filamu yake haipo tena. Si kweli. Nyingi hutumia filamu ya 120 (namba ya aina ya filamu), iliyoanza kuuzwa 1901 na inayotengenezwa hadi leo. Hata kamera za filamu ya 620 zinafaa: filamu ni ileile, spuli tu (kijiti inapozungushiwa filamu) ndiyo nyembamba zaidi, nawe unaihamisha filamu ya 120 hadi kwenye spuli ya 620 ukiwa gizani.

Kinachoharibu picha hasa ni mvukuto, ile sehemu iliyokunjwa kama kodiani, ukitoboka na kupitisha mwanga. Ingia chumba chenye giza totoro, washa tochi ndogo ndani ya mvukuto, uchunguze pembe za mikunjo polepole. Ukiona nukta ya mwanga, hata iwe ndogo kama ncha ya sindano, izibe kwa tone la rangi nyeusi ya kitambaa. Rangi ikauke kabisa kabla hujaikunja kamera.