Joto la mtutu: kwanini gobore likipata joto risasi zinaanza kutawanyika

Joto la mtutu ni ule moto unaobaki kwenye chuma baada ya kupiga, na kila ukipiga tena bila kuuacha upoe unajilundika juu ya ule wa mwanzo. Maana yake haina ugumu. Kinachowachanganya watu ni hilo joto linaharibu nini hasa.

Naongelea gobore, bunduki ya kushindilia baruti na risasi kwa mdomoni, na sio yale ya zamani tu, maana Marekani mpaka leo wanatengeneza mapya kiwandani, yanafungwa darubini, majimbo mengi yana msimu wa kuwinda kwa gobore peke yake, na kule Friendship, Indiana kuna chama cha kitaifa kilichoanzishwa 1933 ambacho wanachama wake hukusanyika kushindana shabaha.

Sasa mtu yuko renji, uwanja wa kulenga shabaha, risasi tatu za mwanzo zimekaa pamoja vizuri, ya nne imeruka pembeni, ya tano ndo haieleweki kabisa, utasikia anasema chuma kimetanuka tundu limekuwa kubwa. Hebu piga hesabu. Kaliba .50 ni tundu la milimita 12.7, chuma kikipanda nyuzi 50 za Selsiasi hilo tundu linaongezeka kama 0.007 ya milimita, yaani sehemu ya kumi hivi ya unene wa unywele. Hiyo peke yake haiwezi kutawanya risasi namna hiyo.

Kinachoanza kushindwa ni plastiki. Risasi nyingi za magobore ya kisasa hazigusi chuma, zimevalishwa kikombe cha plastiki kinaitwa saboti, na hicho kikombe ndo kinang'ang'ania ile michirizi iliyojipinda ndani ya mtutu na kuizungusha risasi. Mtutu ukiwa wa moto plastiki inalainika, gesi ya baruti inapenya pembeni, risasi inatoka na mwendo tofauti na wenzake. Utalisikia hili mkononi kabla hujaliona kwenye karatasi: mtutu ukiwa baridi, mdeki, ile fimbo ya kushindilia, unausukuma kwa nguvu kidogo, kuna ukinzani, ukiwa wa moto unashuka tu wenyewe kama umepakwa siagi. Halafu renji ikisimamishwa na bunduki zote ziko chini, nenda mbele ukaokote saboti zako kwenye nyasi. Ya mtutu baridi imefunguka kama ua, kitako kizima. Ya mtutu wa moto mara nyingi kitako kimeungua au kimechanika.

Wanaotumia risasi tupu ya kupakwa mafuta wana shida nyingine, mafuta hayo mara nyingi yana nta ya nyuki, nayo inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 hivi, kwahiyo mafuta yanaweza kutiririka yakalowesha baruti. Risasi ya mviringo inayofungiwa kitambaa inavumilia zaidi, ila masizi yanakauka haraka na kuwa magumu, kushindilia kunakuwa kazi.

Dawa ni kusubiri, hakuna njia ya mkato. Mimi naweka kiganja kwenye mtutu pale nyuma baruti inapokaa, kama siwezi kukiacha hapo nikiwa nimetulia basi sipigi, naliweka gobore kivulini. Na kila baada ya risasi napitisha kitambaa chenye unyevu kidogo ndani ya mtutu, hii sio ya shabaha tu, ni ya uhai wako, kwasababu cheche inaweza kubaki humo ikaiwasha baruti unayomimina. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye chombo kikubwa, mimina kwa kipimo, na uso usiuweke juu ya mdomo wa bunduki hata siku moja.

Kwa mwindaji hili lina uzito zaidi, maana porini unapata risasi moja, na inatoka kwenye mtutu baridi. Ukirekebisha darubini kwa risasi za mtutu wa moto umeirekebisha kwa hali ambayo hutaikuta porini. Karatasi yangu ninayoiamini ina matundu matano, kila moja nimelipiga siku yake, asubuhi, ikiwa ndo risasi ya kwanza.