Kwa nini wakili bingwa humwuliza shahidi maswali machache?

Kwenye filamu, maswali ya dodoso, yale ambayo wakili humwuliza shahidi wa upande wa pili, huwa na mwisho mmoja. Wakili anasogea kizimbani, sauti inapanda, shahidi anatokwa jasho, halafu ghafla anapasuka: ni kweli, ni mimi niliyeua. Wengi wetu tumejengea picha yetu ya uwakili hapo. Tunaamini wakili hodari ni yule anayembana shahidi kwa maswali mengi na makali mpaka ukweli umtoke.

Mahakamani jambo hilo karibu halitokei. Shahidi aliyekuja kudanganya ana sababu ya kudanganya, na anajua kwamba akikiri anaweza kushtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo. Swali kali haliondoi sababu hiyo wala hofu hiyo. Zaidi ya hayo, mashahidi wengi si waongo hata kidogo. Wameona nusu ya tukio wakajaza nusu nyingine, au wameona vizuri ila kumbukumbu imesogea. Mtu wa namna hii hana siri ya kukiri. Ukimkaripia, unachopata ni hakimu kumwonea huruma.

Picha ile ina kosa jingine, na hili ndilo zito: inadhani wakili anayedodosa anatafuta habari. Hatafuti. Kazi ya kutafuta ilifanyika kabla, katika maelezo ya polisi, nyaraka, ripoti ya daktari na kutembelea eneo la tukio. Anaposimama mbele ya shahidi, anachotaka ni kuweka mbele ya mahakama mambo machache ambayo shahidi hawezi kuyakataa, basi. Kama mambo hayo ni manne, maswali yanaweza kuwa manne.

Nyenzo yake ni swali elekezi, lile linalobeba jibu ndani yake. Upande uliomleta shahidi kwa kawaida hauruhusiwi kuuliza maswali ya aina hiyo kwenye mambo yanayobishaniwa, maana itakuwa ni kumlisha maneno. Upande wa pili unaruhusiwa. Sheria za Ushahidi za Kenya na Tanzania zinasema hivyo, na zote mbili zilichota sana kutoka Sheria ya Ushahidi ya India ya 1872. Kwa hiyo wakili haulizi, "Hali ilikuwaje usiku ule?" Anasema: "Taa ya barabarani ilikuwa haiwaki, sivyo?" Ndiyo. "Mvua ilikuwa inanyesha?" Ndiyo. "Wewe ulikuwa ng'ambo ya barabara?" Ndiyo. "Mtu huyo hukuwahi kumwona kabla ya siku hiyo?" Hapana, sikuwahi.

Wavuvi wa pwani wanaijua kazi hii kwa jina la wando, ule uzio wa fito unaosimikwa kwenye maji ya kina kifupi. Ufito mmoja haumzuii samaki yeyote. Nguvu iko kwenye mpangilio: fito zimekaa karibu karibu, zinaelekea upande mmoja, na maji yakianza kupwa samaki huambaa na uzio mpaka anajikuta chumbani. Hakuna anayemfukuza. Kila swali elekezi ni ufito, dogo, jepesi kukubaliwa, na limesimikwa na mtu anayejua chumba kiko wapi. Ukilichomoa moja na kuweka badala yake "kwa nini?", umeacha mwanya. Shahidi atapita hapo na maelezo marefu ambayo hukuyatarajia, nawe huna haki ya kumkatiza kwa sababu umeyaomba mwenyewe.

Mtu aliyeifundisha kanuni hii kwa ufasaha mkubwa alikuwa Irving Younger, Mmarekani aliyepitia uendeshaji wa mashtaka New York, kisha ujaji, kisha ualimu wa sheria Chuo Kikuu cha Cornell. Katika miaka ya 1970 alikuwa akitoa mhadhara aliouita amri kumi za maswali ya dodoso. Uwe mfupi. Tumia maneno mepesi. Uliza maswali elekezi tu. Usiulize usilojua jibu lake. Sikiliza jibu. Usigombane na shahidi. Usimwachie nafasi ya kueleza. Usimrudishe kwenye yale aliyokwisha kuyasema. Usiongeze swali moja lililozidi. Hitimisho lako liweke akiba kwa majumuisho, hotuba ya kufunga kesi. Younger alisisitiza kwamba amri hizi zinamhusu zaidi wakili ambaye bado hajaiva, na kwamba kuiva kunataka kesi nyingi sana.

Amri ya tisa ina kisa chake, ambacho mawakili wamesimuliana kwa vizazi. Mshtakiwa anadaiwa kumng'ata mtu sikio mpaka likakatika. Wakili wa utetezi anamwuliza shahidi: uliwaona wakipigana? Ndiyo. Ulimwona mteja wangu akimng'ata? Hapana. Hapo aketi. Lakini anaendelea: sasa unajuaje kwamba alimng'ata? "Kwa sababu nilimwona akilitema sikio." Huenda haikutokea popote, ila kila aliyefanya kazi ya mahakama anaweza kutaja siku iliyofanana nayo.

Amri ya nne, ile ya kujua jibu kabla, ilivunjwa mbele ya ulimwengu mzima tarehe 15 Juni 1995 huko Los Angeles, upande wa mashtaka ulipomtaka O. J. Simpson, mwanamichezo maarufu aliyeshtakiwa kwa mauaji, avae glavu zilizodaiwa kuwa za muuaji. Alihangaika kuzivuta mkononi juu ya glavu nyembamba za mpira, zikaonekana kubana. Wakili wake, Johnnie Cochran, alilitumia tukio hilo kwenye majumuisho yake, na Simpson aliachiwa huru tarehe 3 Oktoba. Si haki kusema glavu peke yake iliamua kesi, maana ilikuwa na mengi, pamoja na mwenendo wa polisi. Lakini lile lilikuwa swali, lililoulizwa kwa vitendo, na aliyeuliza hakuwa na hakika ya jibu.

Kuna kesi zinazokwenda kinyume cha amri hizi. Mwaka 1858 huko Beardstown, Illinois, Abraham Lincoln alimtetea kijana Duff Armstrong aliyeshtakiwa kwa mauaji. Shahidi mkuu alisema alimwona akipiga usiku, kwa mbali, kwa msaada wa mwezi uliokuwa juu angani. Lincoln alimwacha arudie habari za mwezi, jambo ambalo amri za Younger zinakataza, kisha akatoa almanaka, kitabu cha mwaka chenye nyakati za mwezi: saa ile mwezi ulikuwa umeshuka karibu na kutua. Armstrong aliachiwa. Uvumi kwamba almanaka ilighushiwa ulidumu miaka mingi, lakini hesabu za wanaastronomia zimethibitisha kwamba mwezi ulikuwa chini kweli.

Nyingine inaumiza. Moto wa kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, uliua watu 146 tarehe 25 Machi 1911, wengi wao wasichana wahamiaji, na wenye kiwanda walishtakiwa kwa sababu ya mlango uliodaiwa kuwa umefungwa. Kate Alterman alieleza jinsi mwenzake alivyokufa mlangoni. Wakili wa utetezi, Max Steuer, hakumpinga. Alimwomba asimulie tena, na tena, na maneno yakatoka karibu yale yale. Kisha akamwuliza kama hakuruka neno fulani, naye akalirudisha mahali pake. Jopo la raia, ambalo huko ndilo huamua kama mshtakiwa ana hatia, lilielewa kwamba binti amekaririshwa, na Desemba 1911 wenye kiwanda wakaachiwa. Mimi nasoma kesi ile na kuona jambo tofauti: mtu aliyenusurika moto na kuusimulia mara nyingi huwa na maneno yaliyokwisha kuganda, na kuganda kwa maneno si uongo. Ufundi wa Steuer ulikuwa mkubwa, na haukutuambia kama mlango ulifungwa.

Kwetu hakuna jopo la raia wa kuguswa moyo, lakini uchache wa maswali una sababu moja ya ziada isiyosemwa sana. Sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za Kenya na Tanzania zinamtaka hakimu kwa kawaida aandike ushahidi kama simulizi, si kama swali na jibu. Wakili anasema, "Hukuiona sura yake, sivyo?" Shahidi anajibu, "Ndiyo." Kwenye kumbukumbu ya mahakama inaingia: Sikuiona sura yake. Maneno ya wakili yamekuwa maneno ya shahidi, na jaji wa rufaa atayasoma hivyo. Swali refu lenye vipande vitatu, kinyume chake, huandikwa kadiri hakimu alivyolielewa. Mawakili wakongwe humtazama hakimu mpaka amalize kuandika ndipo waulize linalofuata.

Na kuna mahali ambapo ufundi wote huu hufika ukomo. Kapenguria, Desemba 1952 hadi Aprili 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walitetewa na jopo lililoongozwa na D. N. Pritt, mmoja wa mawakili wenye uzoefu mkubwa wa Uingereza. Shahidi Rawson Macharia alidai kumwona Kenyatta akilisha watu kiapo cha Mau Mau mwaka 1950. Pritt alimhoji, Macharia hakuanguka. Hakimu Ransley Thacker alieleza katika hukumu kwamba anamwamini shahidi huyo mmoja dhidi ya kumi wa utetezi, na Kenyatta akafungwa miaka saba. Mwaka 1958 Macharia alitoa hati ya kiapo akisema alidanganya na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza kwa gharama ya serikali. Alishtakiwa, akatiwa hatiani 1959 na kufungwa. Kosa lilikuwa hati ile ya kiapo. Kwa ushahidi wa Kapenguria hakuadhibiwa.