Kuchakaza Behewa la Mizigo: Kila Doa Lina Asili Yake

Behewa la modeli likitoka kwenye boksi linang'aa mno, plastiki inajitangaza yenyewe. Behewa la kweli hupigwa jua, mvua na vumbi la breki miaka nenda miaka rudi, na rangi yake hupauka kabla kutu haijapata pa kushika. Ndiyo maana mimi, ninapochakaza behewa la treni ya modeli ili niliuze likifanana na la kweli, huanza na kupausha. Wanaoanza fani hii hukimbilia kutu, kwa kuwa ndiyo inayovutia macho, na wanaishia na behewa lenye upele.

Kabla ya kushika brashi najiuliza: uchafu huu umetoka wapi? Behewa la saruji hupakiliwa kwa juu, kwa hiyo michirizi myeupe huanzia kwenye vifuniko vya paani na kuteremka ubavuni. Tangi la mafuta huchafuka katikati, chini ya mdomo wa kujazia, na doa lile hubaki jeusi lenye mng'ao hata pale sehemu nyingine zimefifia kwa vumbi. La makaa ya mawe husuguliwa ndani na shehena mpaka rangi inaisha, chuma kikabaki kitupu. Chini, vipande vya breki vya chuma cha kalibu hurusha unga wa kahawia kila vinapobana magurudumu, na unga huo hutanda fremu nzima.

Magurudumu yana siri ambayo wengi huipita. Katika mabehewa ya zamani ya Marekani, yenye beringi za kawaida zilizolainishwa kwa oili, oili ilivuja hadi kwenye uso wa gurudumu, yaani ubavu wake, ikanasa vumbi na kuwa utando mweusi. Zilipokuja beringi za rola, uvujaji ule ukakoma na uso wa gurudumu ukawa na kutu kavu ya kahawia. Mnunuzi anayejua treni ataangalia hapo kwanza. Ila sehemu inayogusa reli iache bila rangi: kwenye treni halisi husuguliwa ikang'aa, na kwenye modeli rangi hiyo huishia kuchafua reli.

Kazi yenyewe naianza kwa kuyang'oa magurudumu, kuosha behewa kwa maji ya sabuni na kuliacha likauke kabisa. Kisha vanishi isiyong'aa, ili rangi ipate pa kushika. Halafu rangi ya behewa lenyewe, iliyochanganywa na nyeupe kidogo na kuzimuliwa mpaka iwe kama maji ya maziwa, napuliza kwa brashi ya hewa. Baada ya hapo rangi ya mafuta ya kahawia iliyokolea, nyepesi sana, naipitisha kwenye viungo vya mbao, ribiti na bawaba. Naivuta kwa brashi kutoka juu kwenda chini tu, kwani mvua haipandi. Unga wa rangi ndio wa mwisho.

Angalizo moja. Spiriti ya alkoholi, ambayo baadhi huzimulia rangi, ikigusa vanishi isiyong'aa inaweza kuifanya iwe na ukungu mweupe. Nililia mara ya kwanza. Safari hizi napuliza vanishi nyingine juu yake, na mara nyingi ukungu unaondoka. Unga nao hufifia sana ukipigwa vanishi, kwa hiyo upake zaidi ya unavyodhani.

Kuna mbinu ya chumvi pia: unapaka rangi ya kutu, unainyunyizia chumvi kwenye unyevu, unapuliza rangi ya behewa, kisha unaikwangua ili kutu ichungulie. Shida ni kwamba watu hutia chumvi kwa maana zote mbili. Kwenye skeli ya 1:87, doa la milimita 1 ni karibu sentimita 9 za behewa la kweli; kwenye 1:160 ni sentimita 16. Nukta chache za kijiti cha meno zinatosha.

Kwa mauzo, siligusi behewa adimu lenye boksi lake: mkusanyaji analitaka safi, na uchafu wangu ungelipunguzia thamani. Nachukua la kawaida, lile ambalo wenye nalo ni wengi. Naacha namba zisomeke, maana hata wafanyakazi wa reli huzifuta vumbi wapate kuzisoma. Picha napiga pande zote mbili, paa na chini, kwenye mwanga wa mchana, lenzi ikiwa usawa wa reli, na naandika wazi kuwa rangi imeongezwa kwa mkono.

Kuna moja lilimfikia mnunuzi likiwa na mstari safi ubavuni, pale plastiki ya kufungia iliposugua unga njiani. Nikamrudishia pesa zake. Tangu hapo ubavu na paa lazima vipigwe vanishi, na unga mkavu nauacha chini ya fremu tu, mahali vidole havifiki.