Pikapu yako si Hilux? Maneno ya vijiweni na ukweli wake

Mwenye Hilux akitaka kulifanyia gari lake marekebisho, vifaa vinamsubiri dukani. Mwenye Mazda BT-50, Fiat Fullback au Volkswagen Amarok huambiwa "hizo hazina vifaa, bosi," na wengi huishia hapo.

"Vifaa vyake havipo."
Vipo, ila kwenye boksi limeandikwa jina la gari lingine. BT-50 ya 2011 hadi 2020 imejengwa kwa chasisi ya Ford Ranger, na injini ni zilezile, 2.2 na 3.2 ya silinda tano. Seti ya springi na shokapu za kuinulia Ranger ya miaka hiyo ndiyo ya kuulizia. BT-50 iliyofuata ikahamia kwa Isuzu, ikawa pacha wa D-Max. Fullback nayo ni Mitsubishi L200 iliyobadilishwa nembo. Kwa hiyo dukani taja pacha, kisha taja mwaka. Ukisema "BT-50" tu, unaweza kuuziwa kifaa cha ukoo usio wako.

"Basi kila cha pacha kinaingia."
Wanachochangia mapacha hawa zaidi ni vya chini. Juu, Mazda walichora sura yao wenyewe, hivyo ngao ya mbele ya Ranger itagombana na bampa na taa. Mercedes X-Class ndiyo inayokamatisha watu zaidi: imetokana na Nissan Navara, lakini Mercedes waliitanua, tairi za kushoto na kulia zikakaa mbali zaidi kuliko za Navara. Usilipie mikono ya saspensheni ya Navara kwa kusikia tu kwamba ni ndugu.

"Nati sita ni nati sita."
Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Hilux ya 4x4, Ranger na D-Max zina nati sita kwenye duara la milimita 139.7, yaani duara linalopita katikati ya nati zote. Navara ya toleo la zamani, D40, nayo ina sita, ila duara lake ni 114.3, haiingii hata kwa nyundo. Na duara likilingana, bado kuna tundu la katikati ya rimu, linalokaa kwenye habu, kitovu cha gurudumu. La Hilux ni kama milimita 106, la Ranger 93.1. Rimu ya Ranger haipiti kwenye habu ya Hilux. Ya Hilux inapita kwenye Ranger, lakini inacheza: ikikazwa imekaa upande kidogo, usukani unaanza kutetemeka ukichanganya mwendo, na fundi atabalansi tairi mpaka achoke. Dawa ni pete ya kuziba pengo hilo, kitu cha bei ndogo. Mwenye Amarok ya kizazi cha kwanza asahau sita kabisa. Yake ni tano kwenye 120, sawa na Volkswagen Transporter T5.

"Fundi wa kuchomelea atakuundia."
Keria, ngazi za pembeni, fremu ya turubai: ndiyo, na mara nyingi kwa ubora kuliko za dukani. Mikono ya saspensheni na sehemu za usukani, hapana.

"Ongeza majani ya springi, ubebe zaidi."
Gari litasimama juu likiwa na mzigo, basi. Uzito unaoruhusiwa unategemea pia chasisi, ekseli, breki na tairi, na hivyo hujavigusa. Mifuko ya hewa, ile inayofungwa kati ya ekseli na chasisi kusaidia springi, ni hatari zaidi ikitumiwa vibaya. Springi hugawa mzigo kwenye ncha zake mbili. Mfuko husukuma chasisi sehemu moja katikati. Pakia kupita kiasi kwenye barabara ya makorongo, na chasisi ya double cab (yenye safu mbili za viti) inaweza kupinda nyuma ya kabini.

"Kuinua nyuma hakugusi breki."
Pikapu nyingi, hasa za zamani, zina valvu iliyofungwa kwenye chasisi, yenye kifimbo kinachoshuka hadi kwenye ekseli ya nyuma. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukiinua gari, ekseli inakaa mbali na chasisi, valvu inadhani hujapakia kitu, na inapunguza nguvu ya breki za nyuma hata ukiwa na saruji tele. Kabla hujamlipa fundi, ingia naye uvunguni akuonyeshe kifimbo hicho na kishikizo alichokirekebishia.