Oh! What a Lovely War kwenye DVD: dakika 144 au 138?

Oh! What a Lovely War ni filamu ya nyimbo ya mwaka 1969 kuhusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Nakala wanayoitafuta wakusanyaji ni ya kampuni ya Paramount ya mwaka 2006, yenye maandishi Special Collector's Edition kwenye kasha. Kabla ya kulipa, tazama nyuma ya kasha, au mwambie muuzaji akutumie picha ya nyuma, usome muda wa filamu. Ukikuta dakika 144, uko salama. Ukikuta 138, usidhani kuna kipande kilichokatwa. Filamu yote imo, ila inakimbia.

Sinema hupigwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Televisheni ya PAL, mfumo wa analojia uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika Mashariki, hutaka 25. Kwa hiyo diski ya PAL kwa kawaida huendesha fremu zile zile kwa kasi ya 25, muda unapungua kwa asilimia 4, na sauti inapanda karibu asilimia 70 ya nusu toni. Katika filamu ya maongezi matupu, wengi hawatashtuka. Hii ni filamu ya nyimbo, na nguvu yake imo katika sauti nzito za askari waliochoka. Wimbo wa mwisho umefuata melodi ya Jerome Kern ya mwaka 1914, na askari wamebadilisha maneno. Unaimbwa taratibu sana. Ukiuharakisha na kuupandisha, unakuwa mwepesi, na huzuni yake inapotea.

Diski ya Marekani ni NTSC, mfumo wa televisheni wa huko. Kasi na sauti yake ni sahihi, lakini fremu zinarudiwa kwa mpangilio wa tatu-mbili, hivyo kamera inapozunguka polepole picha hukwamakwama kidogo. Deki au TV inayoweza kurejesha fremu 24 kwa sekunde hulipunguza tatizo hilo. Nikiambiwa nichague, nachukua NTSC bila kusita, ingawa PAL ina mistari 576 dhidi ya 480. Macho huzoea picha pungufu, lakini sikio haliuzoei wimbo uliopandishwa.

Mwenye PAL tayari asiitupe. Icheze kwenye kompyuta kwa programu ya VLC: ingia kwenye mipangilio ya sauti, ondoa alama kwenye kipengele kinachozuia sauti kubadilika kasi inapobadilika, kisha weka kasi ya 0.96. Wanaotumia programu ya mpv waandike --speed=0.96 --audio-pitch-correction=no. Kosa la kawaida ni kupunguza kasi na kuacha kipengele kile kikifanya kazi: muda unarudi 144 lakini sauti inabaki juu.

Upande wa picha, filamu ilipigwa kwa lenzi za Panavision, upana wa 2.35 kwa 1. Kanda za zamani za VHS zilizojaza kioo cha 4:3 zilikata zaidi ya asilimia 40 ya picha, na katika filamu hii pembeni ndiko mambo yalipo. Richard Attenborough, ambaye hii ya mwaka 1969 ilikuwa kazi yake ya kwanza ya uongozaji, aliuweka mwanzo wa vita kwenye gati la starehe la West Pier, Brighton. Jenerali Haig, kamanda wa jeshi la Uingereza, aliyeigizwa na John Mills, anauza tiketi za kuingia vitani, na familia ya Smith inapanga foleni. Baadaye ubao wa matokeo ya kriketi unahesabu waliokufa. Kata pembeni, na jenerali anabaki peke yake bila ubao, au ubao bila jenerali. Hakikisha deki imewekwa 16:9, vinginevyo watu watakuwa wembamba kama mwanzi au picha ya NTSC itabaki na mistari 270 hivi tu.

Kisha rangi. Filamu haimwagi damu kwenye kioo. Kifo kinatangazwa kwa ua jekundu la popi, kuanzia mbele ya mpiga picha anayeigizwa na Joe Melia. Nyekundu ndiyo rangi inayovuja kuliko zote kwenye kanda ya VHS na kwenye waya wa AV wa njano: ua linageuka doa lenye kingo zilizofifia juu ya kaki ya sare. Tumia HDMI, au ikiwa deki ni ya zamani, nyaya tatu za kijani, buluu na nyekundu. Punguza pia kiwango cha rangi cha TV, kwa kuwa TV nyingi huuzwa zikiwa zimezidishwa.

Namba ya eneo, inayoamua diski ichezwe na deki za wapi, nayo huwaponza wengi. Marekani na Kanada ni 1. Uingereza, Oman na nchi nyingine za Ghuba ni 2. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo ni 5. Ndugu akikutumia diski kutoka Chicago, deki iliyofungwa kwenye 5 itaikataa. Tafuta deki iliyofunguliwa. Kiendeshi cha kompyuta huruhusu kubadilisha eneo mara tano tu, ya mwisho inabaki milele.

Kwenye diski yenyewe, ufuatilie ufafanuzi wa sauti wa Attenborough baada ya kuitazama filamu mara moja bila maelezo. Kisa kilianza kama kipindi cha redio cha Charles Chilton mwaka 1961. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1918. Mwaka 1963 Joan Littlewood na kundi la Theatre Workshop walikipeleka jukwaani. Filamu inabaki upande wa Ulaya, na msomaji wa Kiswahili ataona pengo: wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha kubeba mizigo ya vita Afrika Mashariki, walioacha jina Kariakoo, hawamo. Na West Pier ilifungwa mwaka 1975, ikaanguka na kuungua mwaka 2002 na 2003, kwa hiyo diski hii sasa ni kumbukumbu ya jengo pia.

Ukipata nakala iliyotumika, geuza diski. Ya kiwandani ina rangi ya fedha au dhahabu hafifu. Zambarau ni ya kuchomwa nyumbani. Ielekeze kwenye taa: vitundu vya mwanga ni utando uliooza, na hakuna dawa. Mikwaruzo ya mzunguko ni mibaya kuliko inayotoka katikati kwenda pembeni, ndiyo maana diski hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Usitumie dawa ya meno. Kwenye joto na unyevu wa Mombasa au Unguja, ihifadhi wima kwenye kasha lake, mbali na dirisha.

Jaribio la mwisho ni picha ya mwisho, kamera inapopanda juu ya maelfu ya misalaba myeupe kwenye majani. Hapo mgandamizo dhaifu hujulikana. Misalaba ya mbali ikimetameta au kuungana kuwa ukungu, zima kwanza ukali wa picha na ulaini wa mwendo kwenye TV, uirudie.